Togwa ya Mama Mkwe

Juzi nilimwona tena yule mwigizaji kwenye televisheni, mvi zimemjaa, bado anachekesha. Harufu ya togwa ikanirudia.

Enzi zile aliigiza mama mkwe anayemtilia mke wa mwanawe dawa kwenye chakula. Mtaa wetu wote wa Mafiga ulimcheka na kumchukia. Alasiri moja shangazi, rafiki yake, alimleta kwetu baada ya kumzungusha kwa mashabiki. Majirani wakajaa uani wakinong'ona. Mimi, bado mtoto, nikaficha sufuria ya mboga chini ya kitanda.

Bibi akammiminia togwa. Mgeni akakishika kikombe, hanywi, anatutazama mmoja mmoja. Nikajua anatafuta pa kutia dawa yake.

"Mama, naomba uonje kwanza," alimwambia Bibi polepole.

Watu wakaguna. Bibi, mtu wa Mlali, aliona haya kusahau desturi ya kwao: mwenyeji huonja kwanza, mgeni ajue hakuna sumu. Akapiga funda, akamrudishia.

Mgeni alikunywa chote bila kupumua, akaomba kingine. Nikadhani ni ulafi wa mama mkwe. Juzi shangazi kaniambia kwamba siku ile, nyumba zote walizopita, mgeni wake hakuthubutu kunywa hata maji.