Jumapili Zetu kwenye Ukumbi wa Wapolandi

Nyie mliokulia Walthamstow, London, miaka ile ya tisini mtanisaidia kukumbuka jinsi Jumapili zilivyokuwa ndefu. Soko limefungwa, barabara imejaa majani ya kabichi na maboksi yaliyolowa, kwenye televisheni hakuna cha maana, na simu ya mezani imetiwa kufuli ili watoto tusiiguse. Wazazi wetu wengi walikuwa shifti. Mama yangu, Mmeru wa Usa River, alikuwa akihudumia wazee kwenye kea homu, na Jumapili aliyopata nafasi alitupeleka misa, mimi na mdogo wangu Elia, tumepakwa mafuta ya mgando mpaka tunang'aa kama sahani.

Nje ya kanisa ndipo Bibi Halina alipotukuta. Elia alikuwa amekataa kufunga zipu ya koti na Mama alikuwa akimgombeza kwa Kiswahili, kwa ile sauti ya chini ambayo sote tunaijua, ya "ngoja tufike nyumbani". Mzungu mmoja mzee, mfupi, mwenye kofia ya sufu ya buluu, akasimama mbele yetu.

"Mama, usipige toto," akasema. "Toto nasikia baridi."

Mama alimtazama kama mtu aliyesikia ukuta ukiongea. Akamuuliza Kiswahili hicho amekitoa wapi.

"Tengeru. Mimi toto ya Tengeru."

Kutoka kwa kina Mama mpaka Tengeru unakwenda kwa miguu. Wakati wa vita vya pili vya dunia, Wapolandi waliong'olewa makwao, wengi wao wanawake na watoto, waliletwa mpaka Tanganyika wakawekwa kambini pale, kwenye vibanda vya duara vya nyasi. Bibi yangu, mama yake Mama, aliwauzia ndizi. Halina alifika akiwa mtoto, akaondoka msichana mkubwa, akaletwa Uingereza. Kiswahili chake kilibaki vilevile alivyokiacha, cha kununua ndizi na kugombana na wenzake.

"Kuja," akatuambia. "Kuja, kula."

Ndivyo tulivyoanza kwenda klabu ya Wapolandi, nyumba ya matofali mekundu nyuma ya barabara ya soko. Ukifungua mlango unapokewa na harufu ya kabichi chachu, nta ya sakafu na makoti yaliyonyeshewa. Kulikuwa na supu nyekundu ya bitiruti ambayo Elia aliamini ni damu, mpaka alipoionja akaomba tena. Kulikuwa na samaki wa kwenye siki, ambao hata leo siwataki. Na kulikuwa na pierogi, unga laini uliokunjwa kama sambusa lakini ukachemshwa, ndani viazi na jibini, juu vitunguu vya kukaanga. Mama alisema ni sambusa iliyokosa mtu wa kuikaanga, kisha akala sahani nzima.

Baada ya chakula, mzee mmoja alipiga kodiani na wazee wenye medali vifuani walicheza na wake zao taratibu, migongo imenyooka. Sisi watoto tulikuwa chini ya meza. Watoto wa Kipolandi walitufundisha matusi yao nasi tukawafundisha ya kwetu, tukawa marafiki. Watoto wa siku hizi mtandao ukikatika wanalala chali kama wagonjwa. Sisi mfuko wa vizibo vya chupa ulitutosha mpaka jioni. Mwezi wa kumi na mbili alikuja Mtakatifu Nikolai na gunia la machungwa. Karibu na Krismasi watu walivunjiana mkate mwembamba kama hostia, kila mmoja na mwenzake, wakitakiana heri. Bwana Zenon, katibu wa klabu, aliuvunja na Mama pia, akamtakia afya njema.

Huyu Bwana Zenon ndiye aliyekaa mlangoni. Kila Jumapili aliuliza, "Nyinyi ni wageni wa Bi Halina?" Mwaka wa kwanza nilidhani ni adabu. Baadaye niligundua kwamba watoto tuliocheza nao hakuna aliyewauliza ni wageni wa nani, hata waliokuja kwa mara ya kwanza. Nilimwambia Mama. "Jibu ndiyo, uingie, ule," akasema.

Mama yake Halina alizikwa Tengeru. Siku moja, bakuli la supu likiwa mbele yake, Halina alimwambia Mama, "Mama yangu lala kule. Peke yake. Nani ondoa majani?" Jumamosi iliyofuata Mama alimpigia simu Mjomba Anaeli, kaka yake, na Mjomba akaenda makaburini pale, akamtafuta mama wa watu kwa jina, akapalilia, akapaka chokaa, akatuma picha. Halina alipoiona aliibusu, kisha akaibusu mikono ya Mama, mbele ya ukumbi mzima. Akawaambia kwa Kipolandi, halafu akatugeukia na kutuambia kwa Kiswahili, "Huyu dada yangu." Watu wakapiga makofi. Bwana Zenon naye alipiga makofi.

Nilikuwa sekondari Halina alipopata kiharusi. Kiingereza chake chote kiliondoka. Kipolandi kilikuja na kwenda. Kilichobaki kizima kilikuwa Kiswahili cha Tengeru, na kwenye nyumba ya wazee alikopelekwa hakuna aliyekijua. Mama alikwenda kumwona kila alipotoka kazini. Siku moja nilikuwepo mwanawe alipokuja, Adam, mwanamume wa suti aliyeishi mbali na London. Halina alikuwa akiongea na Mama bila kupumzika.

"Anasema nini?" Adam akauliza.

"Anamuuliza mama yake kama ndizi zimeiva," Mama akamwambia. "Ananiita mimi mama yake."

Adam aligeuka dirishani. Nilidhani analia. Wiki ile ile Mama alipokwenda, wauguzi wakamwambia, kwa haya, kwamba familia imeomba wageni wa nje wasije, kwani wanamchanganya mgonjwa. Mama aliyefanya kazi hiyo hiyo ya kuhudumia wazee akawa mgeni wa nje. Alimwachia muuguzi maneno machache ya Kiswahili kwenye karatasi: maji, maumivu, baridi, njaa. Hatukujua kama kuna aliyeyasoma.

Kifo chake tulikisikia kanisani, kwenye matangazo. Tulihudhuria misa ya mazishi tukakaa nyuma. Mama alikuwa ameamka alfajiri kukaanga maandazi, yale ambayo Halina alikuwa akiyala akifumba macho, akayapanga kwenye sinia lake la shaba alilopewa siku ya harusi yake. Tukatembea na wenzetu mpaka klabu. Mlangoni alikuwa Bwana Zenon, na tai nyeusi.

"Samahani, mama. Leo ni familia na wanachama tu."

Mama akamwambia, "Nimeleta chakula."

Bwana Zenon akalitazama sinia. "Hicho naweza kukupokelea," akasema.

Na Mama akampa. Alilipokea sinia kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa, akaingia nalo, mlango ukajifunga. Kupitia dirishani nilimwona Adam akila andazi huku akiongea na mtu. Mama alinishika mkono, msichana mkubwa mimi, tukavuka barabara. Kituoni alisema maneno mawili tu: "Waache wale."

Hatukurudi tena, hata kufuata sinia. Mjomba Anaeli alipouliza kama aendelee kupalilia lile kaburi la mama yake Halina, Mama alimwambia aendelee, kwani marehemu hakuwa mlangoni siku ile.

Miaka michache baadaye Wapolandi vijana walimiminika London kufanya kazi, na magazeti yakawatukana kwa maneno tuliyoyazoea sisi. Nilitaka kufurahi, nikashindwa. Vijana hao hawakuwa na haja na kodiani wala medali. Wazee walikwisha mmoja mmoja, jengo likauzwa, leo ni fleti.

Wanangu wanaagiza pierogi kwa simu. Zinaletwa na kijana wa baiskeli, zimenyunyiziwa majani sijui ya nini, na kila mtu anakula chumbani kwake. Nilipomsimulia binti yangu habari hizi alisema, "That's so sad, Mum," akaomba pilipili. Sikumlaumu. Yeye hajawahi kukaa chini ya meza ndefu akiangalia viatu vya wazee vikicheza, kwa hiyo hana cha kunyang'anywa. Mimi nilikuwa nacho. Kufungiwa mlango nimekwisha kuzoea, London imenifundisha. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba nilipapenda mahali pale kama kwetu, na hasira yangu yote ya miaka hii haijaweza kunifanya nisipapende.