Mbwa wa Kina Kubicek

Janelle Hoekstra alikuwa polisi katika mji mdogo wa Dunmire, jimbo la Iowa huko Marekani, na kwa miaka yote aliyovaa sare hakuwahi kumpiga risasi kiumbe yeyote. Hata kulungu hakuwahi, ingawa marehemu baba yake alikuwa mwindaji na kila msimu alijaribu kumvuta waende wote porini. Kazi yake ilikuwa malori yaliyopinduka kwenye barabara kuu, walevi wa mwisho wa wiki, na majirani waliogombana kwa sababu mti wa mmoja umedondosha majani kwa mwenzake. Alikuwa ameachana na mumewe na hana mtoto. Alirudi kuishi na mama yake, Arlys, nyumba ile ile aliyokulia, akalala chumba kile kile. Watu walimwona mtu mtaratibu, asiye na makuu.

Alasiri moja ya Agosti, mahindi yakiwa yamesimama marefu pande zote za mji na joto limewatia watu ndani, redio ya gari ikamwita. Kuna bibi amepiga simu, akasema mwanamume asiyemjua yuko jikoni kwake, kisha simu imekatika. Janelle ndiye aliyekuwa karibu. Mwenzake wa zamu alikuwa ng'ambo ya reli, na treni ya mizigo ilikuwa inapita, ile isiyoisha.

Aligonga mlango wa mbele, hakuna aliyeitika. Akasikia mwanamke analia upande wa nyuma. Akazunguka nyumba, mkono juu ya bastola, akasukuma geti la mbao la uani, akaingia.

Mbwa alitoka chini ya ngazi za kibaraza. Mkubwa, wa kahawia, kichwa kama sufuria. Hakubweka. Alikuja tu, kwa kasi, moja kwa moja. Janelle hakukumbuka kuamua. Mkono ulitangulia, na aliposikia mlio, tayari ulikuwa mlio wa pili.

"Usipige!" mzee mmoja alipiga kelele kutoka mlangoni, kitambaa cha kufutia vyombo begani. "Huyo hana..."

Mbwa alikaa chini kama aliyeamriwa kukaa, kisha akajilaza kwenye miche ya nyanya.

"Yuko wapi mwanamume aliyeingia ndani?" Janelle aliuliza. Bastola alikuwa bado ameishika.

"Mwanamume gani?"

"Mama amepiga simu. Amesema kuna mtu jikoni hamjui."

Mzee alimtazama, akamtazama mbwa, akamtazama tena. "Mwanamume mwenyewe ni mimi," alisema. "Naitwa Merle Kubicek. Ninaishi humu na mke wangu tangu tulipooana. Asubuhi ananijua, mchana hanijui. Ndiyo hivyo. Umemuua mbwa wetu kwa ajili yangu mimi."

Hapo mkewe akatoka, LaVonne, amevaa gauni la kulalia na viatu vya mumewe. Machozi hayajamkauka, lakini uso ulikuwa umetulia.

"Merle," alisema, na safari hii alimjua vizuri sana, "mbona Gravy amelala kwenye nyanya? Mwambie atoke, atazivunja zote."

Janelle alirudi kituoni akatoa maelezo yake. Sajenti Pruitt, mkuu wake, mtu mnene mwenye huruma ya kupitia tumboni, alimletea kahawa na andazi, kisha wakaitazama pamoja picha iliyonaswa na kamera ya kifuani kwa Janelle. Geti linafunguka. Kibaraza. Kitu cha kahawia kinakua mpaka kinajaza kioo. Mlio, mlio.

"Kila mtu ataniuliza kama alikuwa anatikisa mkia," Pruitt alisema.

"Rudisha nyuma."

Alirudisha. Waliitazama mara nyingi. Kichwa kilikuwa kimeuziba mwili wote. Mkia haukuonekana.

"Basi," Pruitt alisema. "Ulikuwa peke yako, umeambiwa kuna mvamizi ndani, jitu lile limekujia. Ningefanya hivyo hivyo. Nenda nyumbani, upumzike siku chache."

Nyumbani Arlys alikuwa ametoa kwenye oveni bakuli la viazi na nyama ya kusaga. Janelle alikula chakula chote akaongeza. Mama yake alikuwa anamwangalia mdomo.

"Umelia, mwanangu?"

"Hapana, mama."

"Hata kidogo?"

"Nipitishie chumvi."

"Ungelia ningelala vizuri," Arlys alisema, akampa chumvi.

Na kweli hakulia, si siku ile wala zilizofuata. Alingoja kitu kije, huzuni au aibu au hata hasira, kisije. Ilikuwa kama mguu ulioukalia muda mrefu: unaugusa, unajua ni wako, lakini hauna habari na wewe. Aliosha gari. Alipanga kabati. Alilala usingizi mzito usio na ndoto.

Mji haukulala. Picha ya Gravy akiwa amevalishwa kofia ya Krismasi ilienea kwenye simu za watu wote. Pale dukani, Janelle akichagua mkate, mtu nyuma ya rafu alibweka, na wengine wakacheka. Mwanamke aliyesoma naye shule alimkabili mbele ya friji za maziwa.

"Janelle, mimi nina mbwa wawili. Ukipita mtaani kwangu niwafungie chumbani au niwavalishe chuma cha kuzuia risasi?"

"Wafungie tu," Janelle alisema. Hakumaanisha kejeli, ndilo jibu lililomjia. Yule mwanamke aliacha toroli lake pale pale, akaondoka.

Aliporudi kazini alikuta mbwa wa kitambaa mezani kwake, amefungwa bandeji. Vijana wa zamu walikuwa wanamchungulia, wakisubiri acheke au atukane. Alimwondoa mbwa akamweka juu ya kabati la faili, akakaa chini, akawasha kompyuta. "Lo, jamani," mmoja alinong'ona, "yule dada ni barafu."

Mwanasheria wa mji alimkataza kusema lolote na kina Kubicek mpaka uamuzi wa uchunguzi utoke. Ulitoka mwishoni mwa Septemba. Pruitt alimpigia akiwa kituo cha mafuta, anajaza gari.

"Huna kosa. Wameandika ulikuwa na sababu za msingi za kuhofia maisha yako. Umesikia?"

"Nimesikia. Asante, afande."

"Huna la kusema?"

"Tangi limejaa," alisema, akarudisha bomba mahali pake.

Jumamosi iliyofuata, bila kumwambia mtu, alivaa nguo za kiraia akaenda kwa kina Kubicek. Hakujua anakwenda kwa nini, alijua tu kwamba sasa hakuna wa kumkataza. Merle alikuwa mbele ya nyumba anakusanya majani makavu kwa reki.

"Leo umekuja kumpiga nani?" mzee alimuuliza bila kuacha kazi.

"Nimekuja kuomba samahani, mzee."

"Omba basi."

"Samahani."

"Haya, umeshaomba. Inayofuata?"

Janelle alisimama pale, mikono imening'inia. Merle aliegemeza reki kwenye ukuta.

"Sikiliza, binti. Samahani yako mimi sina pa kuiweka. Kamwambie yule mle ndani. Kila siku ananiuliza mbwa yuko wapi. Nikimwambia amekufa, analia kama ndiyo kwanza anasikia, na kwake ndiyo kwanza. Nikimdanganya kwamba ametoka kidogo, anakaa dirishani kumngoja, hali, hanywi. Nimejaribu hivi, nimejaribu vile. Nimechoka. Mimi sikumuua."

Akamfungulia mlango.

LaVonne alikuwa sebuleni, blanketi magotini. Alimkaribisha Janelle vizuri, akamtaka akae, kisha akamuuliza kama huko nje amemwona mbwa wa kahawia.

"Mama," Janelle alisema, "mbwa wako amekufa. Mimi ndiye niliyempiga risasi."

"Gravy?"

"Ndiyo, mama."

"Alikuuma?"

"Hapana."

"Alitaka kukuuma?"

"Sijui. Nilidhani anataka."

"Hujui," LaVonne alisema. Akaanza kulia, kwa sauti nyembamba ya mtu aliyechoka, na kwa vile Janelle ndiye aliyekuwa karibu, alimshika mkono na kuulilia. Janelle aliutazama ule mkono wake unavyolowa. Baada ya muda kilio kilikwisha, na bibi akainua uso, akatabasamu.

"Wewe ni mtoto wa nani? Una uso wa kina Hoekstra. Merle! Mkatie mgeni pai. Na ukitoka, mwanangu, funga geti, mbwa wangu ana tabia ya kutoroka."

Mzee alimfungia kipande cha pai ya tufaha kwenye karatasi. Janelle alikila ndani ya gari, usukani mbele yake. Kilikuwa na mdalasini, aliona ungaunga wake kwa macho, lakini mdomoni hakikuwa na ladha yoyote.

Jumamosi iliyofuata alirudi. Merle alimfungulia akasema, "Zamu yako," akachukua funguo zake akaenda kununua vitu vya nyumbani. Ikawa ndiyo desturi. Siku nyingine za wiki mzee alidanganya apendavyo. Jumamosi alikuja Janelle na ukweli. LaVonne alilia mara nyingi. Mara moja alimpiga kwa kiatu, mara nyingine akamfariji: "Basi, basi, binti, usijitese, alikuwa ameshazeeka." Kila mara Janelle alisema maneno yale yale, kwa sauti ile ile.

"Usije ukafikiri tunakuwa marafiki," Merle alimwambia siku moja akishusha mifuko.

"Sifikirii, mzee."

"Vizuri."

Majani yalipokwisha mitini Pruitt alimleta mwalimu kutoka Des Moines, mji mkuu wa jimbo, mwanamke mfupi mwenye makovu mikononi, awafundishe askari habari za mbwa. Alisema kabla ya kuingia uani, tikisa geti, piga mluzi, usubiri. Kama kuna mbwa atakuja, na wewe utakuwa bado uko nje. Alionyesha jinsi ya kulaza rungu mbele ya mdomo wa mbwa aling'ate badala ya kukung'ata wewe, na jinsi ya kurudi nyuma bila kumpa mgongo. Askari walitaniana, mmoja akajifanya mbwa. Janelle alikaa mstari wa nyuma. Tikisa geti. Alikumbuka geti la kina Kubicek lilikuwa na komeo la chuma, na kwamba lingelia sana.

Novemba alitumwa kupeleka hati ya mahakama kwenye nyumba ya bati pembeni mwa mji. Alitikisa uzio, akasubiri, hakuja mbwa. Alipofika katikati ya uwanja, mbwa mweusi alitokea nyuma ya gari bovu akiburura mnyororo uliokatika. Janelle alichomoa rungu, akalilaza mbele. Mbwa alilidaka, akaliachia, akamuuma mkono juu ya kifundo. Janelle alirudi nyuma hatua kwa hatua naye, akimwambia "tulia, tulia", mpaka mwenye nyumba alipotoka mbio na kumshika mbwa shingo.

Hospitali daktari alimshona. "Haikuumi?" aliuliza, akimwangalia usoni.

"Sijui," Janelle alijibu. "Endelea tu."

Pruitt alikuja amehamaki. "Ungefyatua! Hakuna ambaye angekuuliza hata swali."

"Najua, afande."

Jumamosi Merle aliiona bandeji mlangoni.

"Nini hicho?"

"Mbwa."

"Umemuua?"

"Hapana."

Mzee alisimama amezuia mlango, na Janelle aliona uso wake ukibadilika polepole. Janelle alikuwa ametegemea labda neno jema. Hakulipata.

"Kumbe inawezekana," Merle alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Mkono tu. Unashonwa, unapona."

"Ndiyo, mzee. Inawezekana."

Mzee alimpisha akaingia. Siku ile hakwenda dukani. Alikaa jikoni akisikiliza mkewe akiambiwa.

Theluji ilikuja ikakaa. Jumamosi moja ya Februari Janelle aligonga viatu mlangoni, akaingia, akaketi kwenye kiti chake. LaVonne hakuuliza kitu. Janelle alingoja, kisha akaanza mwenyewe: "Mama, mbwa wako..."

"Mbwa gani?" LaVonne alisema kwa adabu. "Sisi hatujawahi kufuga mbwa, mpenzi. Merle hapendi manyoya."

Merle, aliyekuwa ameshika funguo tayari kutoka, alikaa kwenye ngazi na koti lake mwilini. Kwa miezi mingi alikuwa ameomba maswali yale yaishe. Sasa yameisha, na alionekana kama mtu aliyeibiwa mara ya pili.

Janelle alikwenda akakaa ngazi ya chini yake.

"Mlimpata wapi?" aliuliza. "Gravy. Alikuwa mdogo?"

"Sitakuambia," Merle alisema. Hakusema kwa ukali. "Yote mengine umeyapata. Hilo ni langu."

Janelle alitikisa kichwa kukubali. Aliondoka, akaenda kazini zamu ya alasiri.

Masika LaVonne alihamishiwa nyumba ya kutunzia wazee, mji wa pili, na Merle akawa anaendesha kwenda kumwona kila siku. Mbwa mwingine hakuchukua. Janelle hakuambiwa aendelee kuja wala aache. Jumamosi moja moja alifika na mashine ya kukata majani ya mama yake, akakata uwanja wa mbele na wa nyuma. Mzee alimtazama kupitia dirishani, wala hakutoka. Akimaliza alipakia mashine yake garini na kurudi nyumbani, ambako Arlys alimuuliza kama amekula, naye akasema bado.