Bibi harusi wa kompyuta na macho ya "kuria"

Wakuu, heshima kwenu wote. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, hapa Kigali, na chumvi sijatia.

"Watu wako wote ni vipofu, na kipofu hauzi nguo."

Hiyo ni kauli ya shemeji yangu Kalisa, mume wa dada, mbele ya wageni sebuleni kwake Niboye. Wageni walicheka. Mmoja akaongeza kwamba yule binti niliyemtengeneza kwenye kompyuta, jicho moja linasubiri ndege Kanombe na la pili linanunua nyanya Kimisagara. Wakakubaliana kwamba kazi hii sitaiweza.

Kwa wasionijua: nimezaliwa Ngara, Tanzania, wazazi wakiwa Wanyarwanda. Nilisoma Mwanza, nina diploma ya multimedia, na nilirudi nyumbani bila mjomba wa kunishika mkono.

Natengeneza watu wa 3D. Namvalisha mtu, namkunja mkono na shingo hadi asimame kama binadamu, kisha kompyuta inatoa picha. Mwenye duka anapata tangazo bila kutafuta mwanamitindo. Katika mji huu sijaona anayenizidi, na nimetafuta.

Vifaa vilikuwa vya kuazima. Kompyuta ya shemeji, skrini ya binamu yangu wa Kanombe, kalamu ya kuchorea ya rafiki niliyesoma naye. Shemeji alikuwa ameshapata mteja wa kompyuta yake, akaniambia wazi: "Mwisho wa mwezi naichukua. Ukipata ya kununulia yako, sawa. Ukikosa, Mwanza bado ipo."

Kazi niliyokuwa nayo ni moja tu. Mama Shamimu, fundi cherehani wa Kimisagara, anashona na kukodisha mishanana, lile vazi la kufunga begani ambalo bibi harusi wa huku huvaa. Alitaka bango la dukani: binti anaagana na mama yake karibu na mlango. Wenye maduka jirani walikuwa wanasubiri kuona lake ndipo na wao waagize. Likikataliwa lile, na mimi basi.

Sasa tuje kwenye macho.

Mtu wa 3D akitoka kwenye programu anaangalia mbele, mbali, kama anayesikiliza redio. Ukimgeuza shingo, macho yanaifuata shingo. Unapata watu wawili wameshikana mikono na hakuna anayemwona mwenzake.

Dawa yake ni target. Ni kitu kidogo kisichoonekana kwenye picha, unayaamuru macho yote mawili yakifuate. Nikakibandika kwenye pua ya mama. Bibi harusi akapata makengeza papo hapo.

Wengine wangeishia hapo. Mimi nilikisukuma nyuma ya kisogo cha mama, mbali kidogo, na makengeza yakaisha. Kisha nikagundua la pili: jicho likishuka, kope ya juu inashuka nalo. Usipoishusha, weupe unabaki juu na mtu wako anafanana na mlevi. Haya sikufundishwa darasani, nimeyatoa kichwani mwangu.

Nikamtumia Mama Shamimu picha. Akanijibu kwa sauti kwenye simu:

"Nzuri sana mwanangu. Lakini huyu bibi harusi, macho yake nataka yakuwe ya kuria."

Mlioko Dar mjue kwamba Kigali R na L ni ndugu, wanaazimana nguo. Mimi niliyekulia kwenye Kiswahili nikamsahihisha kimoyomoyo. Kuria ni kulia. Macho ya kulia, yaani upande wa kulia.

Nikabaki na swali moja: kulia kwa nani, kwa bibi harusi au kwa anayetazama bango? Nikachagua kwa bibi harusi, kwa sababu mlango ulikuwa huko. Nikahamisha target, nikaipima kope, nikapeleka picha dukani mwenyewe, kifua mbele.

Mama Shamimu alivua miwani, akaivaa tena.

"Sasa huyu iko anaangaria nini huko mlangoni?"

"Si ulisema kulia, mama?"

"Ee, kuria! Anaacha mama yake, hapana kuria? Huyu iko anatafuta pikipiki akimbie!"

Mafundi wawili waliokuwa wanapiga pasi wakaziweka pasi chini. "Mwache, mama," mmoja akasema, "labda ameona bwana mwingine amepita."

Mama Shamimu akajisugua macho kwa ngumi ili nielewe. "Hii, hii, hii! Kama hivi! Umetoka Tanzania yote hiyo na hujui kuria?"

Najitetea: kosa ni la lugha. Upande ni kulia, kijiko ni cha kulia chakula, na machozi nayo ni kulia. Neno moja linafanya kazi tatu bila kuongezwa mshahara.

Mwezi ulikuwa unaisha. Nikapita Niboye, nikamuuliza dada: anayelia anaangalia wapi?

Akanijibu huku anachambua maharage. "Kwa mama yake haangalii. Akimwangalia hataondoka."

Nilikuwa nimeshahisi hivyo, nilitaka tu kuhakikisha. Tena huku binti huinamisha macho mbele ya wakubwa.

Nikashusha target hadi kwenye mikono yao iliyoshikana. Kope za juu zikafuata. Za chini nikazipandisha kidogo, kama zimebeba kitu. Macho ya mama nikayaacha kwenye uso wa binti. Machozi sikuweka hata tone, maana kwenye bango yanafanana na jasho.

Mama Shamimu aliisogeza picha karibu na miwani. Shamimu mwenyewe aliolewa Goma, na tangu hapo mama yake anamwona kwenye simu tu.

"Bibi harusi simujui," akasema mwishowe. "Lakini huyu mama, namujua."

Akaagiza bango litundikwe siku ile ile. Majirani wakaja, wakatoa malipo ya awali, nami nikanunua kompyuta yangu.

Nilichojifunza: usimuulize mteja macho yaangalie upande gani. Muulize mtu wa kwenye picha ana nini moyoni, na upande utajitokeza wenyewe. Na neno la Kigali liulize mara mbili.

Siku ya mwisho ya mwezi nilirudisha kalamu kwa rafiki. Skrini nikaipakata kwenye pikipiki hadi Kanombe. Kompyuta nikaipeleka Niboye, sebuleni pale pale.

"Na waya wake?" shemeji akauliza.

"Umo ndani ya boksi."

Akafungua, akaukuta. Akaniuliza kama nitakunywa chai. Nikanywa.

Leo hakuna mtu Kigali anayenidai hata waya. Mwenye njia yake ya macho aiweke hapa chini, nitamsahihisha.