Ukungu wa Burma

Cheka ukitaka, lakini haya niliyaona mwenyewe, na akili zangu timamu, kwetu Ruponda, miaka ile matrekta ya mradi wa karanga wa Waingereza yalipokuwa yakifyeka pori la Nachingwea.

Kaka yangu Saidi alikwenda vitani Burma, hakurudi. Askari mwenzake, mtu wa Ruangwa, ndiye aliyetuletea habari za kifo, pamoja na picha aliyoiokota kwenye handaki la Wajapani: milima ya wino mweusi, na katikati ukungu, yaani karatasi tupu. Akasema Saidi amezikwa kwenye milima ya namna hiyo. Mama akakataa hitima kusomwa mpaka aone kaburi, na chakula akaacha. Alikuwa anakauka mbele ya macho yangu.

Kazi yangu ilikuwa kunakili ramani za mashamba. Nikaamua kuinakili ile picha, kubwa, mama apaone alipolala mwanawe. Nikachanganya masizi na gundi ya mkorosho. Milima ikatoka kama viazi.

Jioni moja mkono ukanishika kiganja. Alikuwa mgeni mwenye sare chakavu ya Kijapani, ameloa chapachapa, na kiangazi kilikuwa kikali. Akaongoza mkono wangu juu ya karatasi. Niliogopa, lakini niamini, niliogopa zaidi kumzika mama. Kila jioni alinirudisha kwenye mlima uleule, mpaka mkono wangu ukazoea. Nikiugusa ukungu, ananisukuma. Mama alipita hapo hapo asimwone.

Picha ilipokamilika, mama akaitazama sana.

"Mtie mwanangu humo," akasema. "Mtie, nitakula."

Ungekuwa wewe, ungekataa? Nikamchora Saidi, mdogo, ndani ya ukungu. Mgeni akafunika uso kwa mikono, na sikumwona tena. Mama akala ugali, nami nikalia kwa furaha.

Asubuhi Saidi wa pichani alikuwa ametugeuzia mgongo. Kesho yake akawa mdogo zaidi. Wallahi, alikuwa anaondoka! Nikamchora upya, akaondoka upya. Mama alimwita mpaka sauti ikamkauka. Siku karatasi ilipobaki nyeupe, akageukia ukuta.

"Sasa amekufa," akasema.

Hakula tena. Hitima tuliisoma moja, ya wote wawili.

Tangu hapo sichori mtu. Wanangu wakiniomba niwachore, nawafukuza, nao hununa. Wewe unayejifunza kwa kunakili kazi ya fundi, pale alipopaacha peupe, usipaguse, hata akuombe mama yako.