Idadi ya Watu wa Mji Wetu

Wewe unanijua, mimi si mtu wa kuudhika upesi. Lakini mwezi uliopita nilipanda kwenye mji wetu wa mlimani hapa Omani, mwendo wa saa moja na kitu kutoka Nizwa, kwenda kutoa taazia, na nikarudi Maskati nimeudhika hasa. Pale pa kuingilia mji wa zamani wameweka kibao cha jiwe, kwa Kiarabu na Kiingereza: mji uko juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari, watu wake wangapi, na makabila yake ni mawili, basi, tangu kale. Watalii wakikipiga picha huku wanakunywa kahawa ya waridi. Makabila mawili! Nikatema mate chini, mtu mzima mimi, na abaya yangu ya msibani.

Mji ule ulikaa kama ngazi. Juu kabisa, falaji, mfereji wa maji ya mji, inapotokea mwambani, walikaa wenye mji, na majumba yao ya udongo na mikomamanga yao. Kati palikuwa na soko, msikiti na skuli. Chini yake sisi tuliotoka Unguja, tukiitwa Zinjibari hata tukikitamka Kiarabu vipi. Na chini yetu, wadi, lile korongo la mto, inapopinda, walikaa wale ambao babu zao walikuwa watumwa wa watu wa juu. Maji yalishuka, na kila kilichotiwa ndani ya maji kilishuka nayo: povu la sabuni, maganda ya vitunguu, siku moja mtoto wa mbuzi aliyevimba. Sisi tulichota alfajiri, kabla ya wa juu kuamka. Wale wa chini walichota kilichobaki.

Nyumbani kwetu kulinukia papa mkavu aliyeletwa na gari kutoka Sur, pwani, na tui la kopo, na mikate ya kumimina ya bibi. Wasichana wenzangu wa skuli wakinikaribia hujiziba pua. Nililia sana kwa jambo hilo.

Kule chini alikuwako mwanamke mmoja mwosha maiti. Hakuna mwanamke aliyekufa mji ule, awe wa juu au wa wapi, asiyepita mikononi mwake. Akishamaliza kumwosha mama wa mtu, huwekewa chakula chake nje, kwenye sahani yake peke yake. Na nisikudanganye, mimi pia nilimwonea kinyaa. Vidole vyake vilikuwa vyeupe, vimekunjana kwa maji na majani ya mkunazi. Akinipa tende nazitupia mbuzi.

Basi siku moja abla wetu wa jiografia, ndivyo tulivyowaita walimu wa kike, akatuamuru kila mmoja achore ramani ya mji na aandike watu wa kila nyumba. Nzuri kuliko zote itatundikwa ukutani siku ya wazazi. Bibi akanishika mkono tukazunguka nyumba kwa nyumba. Juu, bi mkubwa wa nyumba kubwa akatukaribisha halua, kisha akasema:

"Wale wa chini usiwahesabu, binti yangu. Wale wetu, wamo humu humu."

Tulipotoka bibi akaguna. "Wamo kwenye nyumba yake, kwenye sinia lake hawamo. Twende."

Mwosha maiti alipoambiwa kazi yangu aliketi kwanza. "Mimi niandikwe?" aliuliza. Akanitajia jina lake, akaomba niandike na la mama yake, maana kaburi la mama yake halikuwa hata na jiwe. Nikaandika yote mawili. Akanimiminia kahawa, alipogeuka nikaimwaga nyuma ya mlango.

Darasani abla aliusifu mlima niliouchora. Alipofika chini ya karatasi, msichana niliyekaa naye, mjukuu wa bi mkubwa, akapaza sauti: "Abla, hao makhadimu wetu, hawaandikwi!" Darasa zima likacheka. Abla alikuwa mgeni nchini, hakutaka maneno na wakubwa. Akaniambia kwa upole, "Futa, mwanangu, tupate kuitundika."

Sikuwa na raba. Mjukuu wa bi mkubwa akanipa yake, ya pinki, inanukia stroberi. Nikafuta. Hakuna aliyenishika mkono. Nilifuta vizuri, nikapuliza mavumbi yake. Na linalonichefua mpaka leo ni hili: nilifurahi. Kwa mara ya kwanza wanacheka, na hawanicheki mimi.

Siku ya wazazi mwosha maiti akapanda ngazi zote zile, na kanga mpya. Hakujua kusoma. Akasimama mbele ya ramani, akaniita. "Niko wapi?"

Nikamwonyesha pale palipo tupu. "Hapa," nikasema. "Na mama yako huyu, ubavuni mwako."

Akapagusa kwa vile vidole vyake, akavibusu. Bibi alikuwa nyuma yetu, na bibi alijua kusoma.

Hakunipiga. Tulipofika nyumbani akapakua chakula, akaisukuma sahani yangu mbali nami. "Uso umeumbwa na haya," alisema. "Wako umeumbwa na nini? Kesho utakwenda kumwambia kweli."

Kesho yake nikenda mpaka wadi inapopinda, nikakaa juu ya jiwe nikitazama maji machafu, nikarudi. Nikamwambia bibi nimekwisha sema. Aliniamini. Miaka baadaye bibi alipokufa, yule mwanamke ndiye aliyemwosha, na alipomaliza alinishika uso kwa mikono ile ile akaniombea dua. Hapo pia sikusema. Kisha na yeye akafa, sijui aliyemwosha yeye ni nani.

Sasa pale chini pamesawazishwa, ni pahala pa kuegesha magari ya watalii. Nyumba yetu imeanguka. Kiswahili hakisemwi tena mji ule, na harufu ya papa haipo. Falaji imejengewa saruji, maji safi kama kioo, na hakuna anayeyachota.

Siku ile niliposoma kibao, niliketi ndani ya gari nikampigia simu mjukuu wa mwosha maiti. Anafanya kazi benki hapa Maskati, ameolewa vizuri. Nikamwambia nataka kuandika habari za bibi yake, jina lake na la mama yake, angalau yaandikwe pahala pamoja tu duniani.

Nilisikia anafunga mlango. Kisha akaniita khalti, kama mtu anavyomwita mama yake mdogo.

"Khalti, nakuomba. Binti yangu anachumbiwa. Watu wakijua asili yetu, hawaji tena. Mwache bibi apumzike."

Hasira zilinipanda. Si juu yake, maskini. Nikamwambia sawa, mama, sitamtaja. Na ndiyo maana umenisikiliza mpaka hapa na hujui alikuwa anaitwa nani.