Kiti cha Baba Yake Bwana Li

Leo acha nijiaibishe mwenyewe. Miaka ya hamsini nilikuwa mpishi wa Bwana Li, Mchina aliyekuwa fundi wa saa hapa Nakuru. Siku ya kukaribisha mwaka wao mpya, mkewe aliniambia nipange mezani vyakula na viti vitano. Kisha akawasha udi, akaufungua mlango wa mbele wazi kabisa.

"Wageni wanakuja, Juma. Usiufunge."

Familia nzima ikatoka kungojea uani. Mimi nikabaki na meza. Jioni ikaanza kuingia na hakuna aliyepiga hodi, ila upepo wa vumbi jeupe la ziwani uliopeperusha pazia. Kuku alikuwa anapoa. Nikajiambia wageni hawaji tena, nikakalia kiti kikubwa, nikatia paja mdomoni.

Papo hapo kiti cha pembeni kikatoa mlio, kama kimekaliwa na mtu. Nikageuka, hapakuwa na mtu.

Ndipo mama yake Bwana, bibi asiyeona vizuri, akaingia kwenye moshi ule wa udi. Akapiga magoti mbele yangu, akanishika mikono, akawa analia na kusema kwa Kichina. Sikuthubutu kutafuna.

Bwana Li alikuwa amesimama mlangoni. "Anauliza kama umeshiba," akasema polepole. "Anadhani wewe ni baba."

"Baba yuko wapi, Bwana?"

"Alikufa zamani. Leo tumewaalika wazee wetu waliokufa waje kula."

Mkono wa bibi ukapanda taratibu, ukapita shavuni kwangu palipojaa kuku, ukafika kwenye nywele zangu za kipilipili, ukasimama hapo.