Nilinunua msitu Marui, nikausafisha kama shamba la misindano la kwetu Njombe

Wakuu, salaam kwenu, mnaosoma mkiwa kazini kwa kujificha na mnaosoma mmejinyoosha nyumbani.

Nina jambo linanikereketa tangu masika yaanze, nimeona nilimwage hapa. Ni ukweli mtupu. Pale nilipofanya ujinga nitauita ujinga, sitaupamba.

Mimi ni mtu wa Njombe, ajira ndiyo iliyonileta Pwani. Naishi Visiga, Kibaha, na kila siku naenda Dar kazini. Nina miaka arobaini na kitu.

Nina tatizo moja: siwezi kukaa bure. Nikikaa dakika kumi nishainuka kukaza bawaba ya mlango ambayo haijalegea. Mke wangu, Mama Upendo, anasema mikono yangu ingefaa iwe na mwajiri wake yenyewe.

Sasa mwaka jana, kiangazi, nikanunua msitu.

Siyo shamba, wakuu. Msitu. Ekari nne za miti ya asili huko Marui, Kisarawe. Aliyeniuzia ni mama wa Kizaramo, mjane, nitamwita Bi Zaituni. Alirithi kwa baba yake, na watoto wake wako mjini, hakuna anayetaka habari za pori. Tukaenda serikali ya kijiji, wakakaa, muhuri ukagongwa, tukazunguka mipaka kwa miguu. (Bei msiniulize, siyo mada.)

Kabla hatujaachana aliniambia jambo moja tu.

"Mabungo tutakuja kuchuma kama siku zote, baba. Usije ukatufukuza."

Nikamjibu karibuni sana, hata kesho.

Kwa wasiojua, bungo ni tunda la porini, la mviringo, likiiva linakuwa na rangi ya chungwa, ndani lina kokwa zenye nyama chachu. Huku Pwani juisi yake inapendwa mno. Mimi nilikuwa nalijua likiwa kwenye glasi. Linaota wapi na vipi, sikuwahi kujiuliza.

Niwaambie ukweli, zile wiki za kwanza nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Kibaha. Jumamosi asubuhi nawasha pikipiki, nakatiza Mlandizi, napitia Mzenga, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikifika naingia ndani taratibu, nagusa miti mmoja mmoja kama mtu anayehesabu watoto wake. Kuna mti mmoja wa mkongo pale, watu wawili wakishikana mikono hawauzunguki. Nilisimama chini yake nikacheka peke yangu.

Nilikuta kanga na vifaranga wake wanakatiza. Nilikuta uyoga wa njano kwenye gogo. Kuna ndege mmoja analia kama mtu anayegonga bati, mpaka leo sijamwona. Simu yangu ilijaa picha za magome ya miti, nikawa nawaonyesha watu ofisini kwa nguvu. Kuna dada wa uhasibu siku hizi akiniona na simu anageuza njia.

Mtoto wa mkulima aliyekodi mashamba ya wengine, leo nina miti yangu. Acheni tu.

Ila furaha yangu ina miguu. Jumamosi ya tatu nilikuwa nishachoka kuangalia.

Hapa lazima muelewe kitu. Kwetu Njombe msitu ni misindano, ile miti ya paina. Imepandwa kwa mistari, unapalilia, unapogoa matawi ya chini, unatoa takataka zote. Msitu mzuri ni ule unaoweza kumwona mtu upande wa pili. Mwenye msitu mchafu anasemwa mpaka kanisani.

Nikautazama msitu wangu kwa jicho hilo nikaona aibu. Miti imepinda. Matawi makavu yamelala kila mahali. Na kibaya zaidi, mikamba minene ya porini imepanda juu ya miti, mingine mizito kama mkono wangu, imejisokota mpaka kileleni. Nikaingia mtandaoni, nikasoma kwamba mimea inayotambaa inakaba miti. Basi, nikapata kazi.

Nikanunua panga jipya na msumeno wa mkono.

Jumamosi tisa mfululizo, wakuu. Nilikata kila kamba niliyoifikia. Nilikusanya matawi makavu nikayachoma kwenye marundo, kwa uangalifu, na maji pembeni. Mama Upendo alikuwa ananiuliza, "Hiyo miti ilikuomba?" Nikamwona hana maono.

Nilipomaliza kulikuwa kusafi. Nilipiga picha nikaweka kwenye grupu la ukoo, baba mdogo akajibu, "Sasa huo ndio msitu." Nililala vizuri usiku ule kama niliyefaulu mtihani.

Msimu wa mabungo ukafika. Jumamosi moja nikawakuta akina mama saba na ndoo zao, Bi Zaituni mbele. Wamesimama tu.

Nikaamkia, "Shikamoo Bi Mkubwa."

"Marahaba." Alikuwa anaangalia juu, kule ambako majani yamekauka yakiwa bado yamening'inia. "Baba Upendo, nani kakata mibungo?"

Nikamuuliza mibungo ipi.

Akanyoosha kidole kwenye shina la kamba nililolikata mimi mwenyewe, limekauka utomvu mweupe.

Wakuu, bungo halioti kwenye mti wake. Bungo ni kamba. Ile mikamba niliyoihukumu kunyongwa ndiyo ilikuwa mibungo yao, mingine bibi zao waliichuma.

Nilitamani anitukane. Hakunitukana. Alisema, "Hukujua," akageuka, na wenzake wakamfuata. Ndoo tupu zinagongana njiani.

Nilidhani maumivu yangu yangeishia kwenye aibu. Kumbe bado.

Wiki tatu baadaye naingia, nasikia harufu ya moshi. Katikati kabisa ya msitu kuna tanuri la mkaa, limeshafunguliwa, limebaki jivu na udongo mweusi. Miti kumi na moja imelala, matawi yametupwa. Alama za tairi za pikipiki zimeingia na kutoka kwa raha zao. Ule mkongo mkubwa umetiwa shoka upande mmoja, kama walioahidi kurudi.

Nilikaa chini. Mimi, nisiyekaa.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, akasema hakuna aliyeona kitu. Nikauliza nyumba zilizo jirani, hakuna aliyeona kitu. Nikarudi nyumbani nimevurugwa. Nikamwambia Mama Upendo natafuta trekta, nafyeka ekari zote nne napanda mikorosho, angalau korosho najua kuilinda.

Nikampigia mwenye trekta. Tukakubaliana siku.

Siku mbili kabla ya trekta nilikwenda Marui kumtaarifu Bi Zaituni. Sikulazimika, ardhi ni yangu, lakini nilishindwa kufyeka pori la baba yake bila kumwambia usoni. Nikamkuta anapepeta mpunga uani. Nikamweleza yote, mkaa, shoka, trekta. Nikamaliza kwa kulalamika kwamba hapa kijijini hakuna jirani mwema.

Aliendelea kupepeta.

"Wachoma mkaa hawaingii mahali wanawake wanapita," akasema. "Tukipita kila siku tunawaona, tukiwaona tunawataja kwa majina na majina ya mama zao. Pale tulikuwa tunapita. Mabungo, kuni, uyoga. Sasa umekata mabungo, kuni umechoma. Tupite tukafuate nini?"

Nilikuwa nimefukuza walinzi ambao sikujua kama ninao, tena bila kumwambia mtu yeyote neno baya.

"Na kila tukitaka kuchungulia tunakukuta na panga," akaongeza. "Mtu anaona haya kuokota kuni, mwenyewe kasimama na panga."

Nikamuuliza mibungo inaweza kurudi?

"Shina halijafa. Litachipua, likiachwa. Lakini wewe huachi kitu."

Nikaanza kumwambia nitaleta mbolea, nitachimba visima vidogo pembeni ya kila shina. Akaweka ungo chini. Ndipo akanipa sharti lake. Yeye na wenzake watarudi kupita, matawi waliyoacha wachoma mkaa yanatosha kuni za muda. Mimi nisitie mguu mpaka aniite.

"Wiki ngapi?" nikauliza.

"Nimesema mpaka nikuite."

Trekta nilighairi nikiwa bado uani kwake. Mwenye trekta alinifokea, na alikuwa na haki.

Wakuu, hii ni wiki ya kumi na moja.

Nimepaka rangi geti mara mbili. Nimepanga upya stoo. Jumamosi nawasha pikipiki, naizima. Mvua ikinyesha hapa Visiga nawaza kama inanyesha kule. Msinishauri nikachungulie kwa mbali, nilishafika mpaka Mzenga mara moja nikageuza, kama mwizi wa mali yangu.

Nilikuwa sijui kama mkongo umesimama. Hilo ndilo lililokuwa linaniua. Nilikuwa naogopa kuuliza, na naogopa kutouliza.

Jumanne iliyopita kondakta wa gari la kule alinipigia nikapokee mzigo stendi. Kifuko cha rambo, kimefungwa fundo kali. Ndani mabungo sita, ya mwisho wa msimu, madogo madogo. Kumbe kuna mibungo mitatu iko pembeni kwenye bonde ambako panga langu halikufika.

Nikampigia Bi Zaituni kumshukuru. Nikakohoa, nikamuuliza habari za mkongo.

"Upo. Umeanza kuziba kidonda," akasema. "Haya ya kwako, baba, kula. Usije bado."

Akakata simu. Nililia, sioni sababu ya kuwaficha. Mama Upendo akachukua mabungo akaenda kutengeneza juisi.

Nilichojifunza: ukinunua msitu wa asili, mwaka wa kwanza kazi yako ni kuuliza. Uliza kila kamba jina lake. Uliza nani hupita na anafuata nini. Hao wanaopita ndio uzio wako. Panga liache nyumbani, na kama unaujua mkono wako ni kama wangu, msumeno usiununue kabisa.

Karibuni kwa maswali, na mnaotaka kunicheka chekeni, nimeshazoea. Ila mwenye uzoefu wa kukaa nyumbani huku mali yake iko porini inakua bila yeye, anisaidie kitu kimoja: mikono mnaiweka wapi?